Karatasi ya Sita

Mkenya anayeingia kituoni kupiga kura hupewa karatasi sita. Nyeupe ni ya Rais, ya buluu ni ya gavana, ya njano ni ya seneta, ya kijani ni ya mbunge, na mbili zilizobaki, ya mwakilishi wa wanawake na ya mwakilishi wadi, nazo zina rangi zake. Kila karatasi ina sanduku lake, na kifuniko cha sanduku ni cha rangi ile ile, ili hata asiyejua kusoma asikosee pa kuitumbukiza. Nimeanza na hesabu hii kwa sababu ninyi ambao hamjafikisha miaka 18 mnawasikia watu wazima wakisema "kura yako", mkadhani ni moja. Ni sita. Na kisa ninachowahadithia leo ni cha msichana aliyepewa tano.

Mwaka ni 2022, mji ni Mombasa. Msichana mwenyewe ni mpwa wangu, binti wa dada yangu, na wakati ule alikuwa na miaka 20. Wakenya walipopiga kura mwaka 2017 alikuwa bado shuleni. Aliwaona wakubwa wakirudi nyumbani na wino kidoleni, wakikinyanyua kidole kionekane, na tangu siku hiyo akawa anahesabu miaka. Uchaguzi mkuu wa Kenya huja kila baada ya miaka mitano, Jumanne ya pili ya mwezi wa Agosti, kwa hiyo haikuwa vigumu kujua zamu yake itaangukia lini.

Kwanza kitambulisho. Bila kitambulisho cha taifa au pasipoti huandikishwi kuwa mpiga kura, na huku kwetu Pwani kitambulisho si jambo la kwenda leo ukachukua kesho. Walikuwapo vijana walioulizwa karatasi za baba, za babu, na za babu wa babu. Wamakonde wa Kwale walizaliwa Kenya, wakazaa Kenya, na ilibidi mwaka 2016 wafunge safari ya miguu kuelekea Nairobi kutaka kuonana na Rais ndipo watambuliwe kuwa raia. Wapemba wanaovua samaki kati ya Kwale na Kilifi walingoja hadi 2023. Maana yake, Agosti ile mpwa wangu alipokuwa anajiandaa kupiga kura, kulikuwa na wavuvi wenye umri wa babu yake, waliozeeka kwenye fukwe hizi hizi, ambao hawajawahi kuishika karatasi ya kura hata siku moja. Nawaambia haya msije mkadhani kila asiyepiga kura ni mvivu.

Yeye alikipata, na tume ya uchaguzi ilipofungua uandikishaji wa watu wengi Oktoba 2021, akaenda. Tume ilitarajia wapiga kura wapya milioni 6 katika mwezi ule. Wakaja kama milioni 1.5. Daftari lilipokamilika lilikuwa na watu zaidi ya milioni 22, na vijana wa miaka 18 hadi 34 hawakufika asilimia 40 yao. Walikuwa wachache hata kuliko mwaka 2017. Nchi yenyewe imejaa vijana! Rafiki zake wengi walikataa kwenda. Walimwambia, "Utapanga foleni, utarudi, na bei ya unga itakuwa ile ile." Hakuwajibu. Alikuwa na hamu yake.

Kisha ikaja jioni ya Jumatatu, tarehe 8 Agosti, mkesha wa uchaguzi. Watu wameshajipanga nani atabaki na watoto, nani atakwenda alfajiri. Mwenyekiti wa tume, marehemu Wafula Chebukati, akatangaza kwamba uchaguzi wa gavana katika kaunti za Mombasa na Kakamega umesimamishwa. Karatasi za kura zilikuwa zimechapwa Ugiriki, zikasafirishwa kwa ndege, na zilipofunguliwa huku zikaonekana picha na maelezo ya wagombea si yale yanayotakiwa. Haikuwezekana kuzitumia. Kura nyingine zitapigwa kama kawaida, akasema, na hizi za gavana zitapangiwa siku yake.

Asubuhi tulitoka kabla jua halijachomoza. Vituo hufunguliwa saa kumi na mbili, lakini foleni hufunguliwa na wenye foleni, na tulipofika kwenye ile shule ya msingi tayari ilikuwa imezunguka ukuta. Kituo kimoja hakiruhusiwi kuzidi wapiga kura 700, kwa hiyo shule moja huwa na vituo vingi, kila darasa na watu wake kwa mpangilio wa majina. Watu hupotea hapo. Unasimama saa nzima, unafika mlangoni, unaambiwa jina lako liko darasa la pili kutoka mwisho.

Mbele yetu alikuwa mama mmoja muuza samaki. Karani akamwambia aweke kidole gumba kwenye mashine. Ikakataa. Akaweka cha shahada, ikakataa. Akaifuta mikono kwa leso, akajaribu cha mkono wa pili, ikakataa tena. Miaka ya barafu na magamba ilikuwa imezisaga alama za vidole vyake vyote. Foleni ikaanza kunung'unika. Mwisho karani akaandika nambari ya kitambulisho, na picha ya yule mama ikatokea kwenye kioo. Akaiinamia, akaitazama vizuri, kisha akasema kwa sauti ya darasa zima kusikia: "Huyo ndiye mimi."

Mpwa wangu kidole chake kilikubalika mara moja. Akapewa karatasi moja baada ya nyingine. Akazihesabu pale pale, mbele ya meza.

"Ya gavana iko wapi?" Habari alikuwa nazo tangu jana usiku, lakini aliuliza.

"Ya gavana bado," karani akamjibu, naye maskini hakuwa na la zaidi. "Mtaitwa."

Akaingia kwenye kile kibanda cha kadibodi. Baadaye alinieleza alivyofanya, na naomba mlikumbuke hili mpaka mwisho wa kisa. Ya Rais aliitia alama bila kusita, maana alikuwa na miezi akiwaza. Ya gavana, ambayo hakupewa, ndiyo aliyokuwa ameifanyia kazi kuliko zote: alisikiliza midahalo, alisoma, alibishana na baba yake mezani. Hizi nyingine alizimaliza upesi. Kwa mwakilishi wa wanawake alimfuata mtu aliyemjua kwa sura. Kwa mbunge alitafuta alama ya chama inayofanana na ile aliyoichagua kwenye karatasi nyeupe, akaweka tiki, akakunja.

Akatoka na wino kidoleni. Hakukinyanyua.

"Mjomba," akaniambia tulipofika getini, "ndiyo haya tu?"

Nyumbani vyombo vya jana vilikuwa vinamngoja, akaviosha.

Sasa tusimame hapa kidogo, maana katika swali lile kulikuwa na machungu mawili, na watu wazima hupenda kuyachanganya ili wayatulize yote kwa neno moja.

Uchungu wa kwanza tumeusababisha sisi. Tunawaambia watoto kwamba kura ni sauti, kura ni nguvu, kura ni silaha, mpaka mtoto anaingia kituoni akitarajia kutetemeka. Anakuta darasa linalonuka chaki, karani mwenye usingizi, na kazi ya dakika chache. Hatuwaambii kwamba kituo kimefanywa vile kwa makusudi. Hakuna hotuba ndani, hakuna picha ya mgombea ukutani, hakuna wa kukupigia makofi wala wa kukutisha. Mama wa samaki na tajiri mwenye maghala bandarini wanapita meza ile ile, wanapewa karatasi zile zile, wanajificha nyuma ya kadibodi ile ile. Mimi nimekaa kwenye mikutano mingi ya siasa yenye ngoma na vipaza sauti, na nawaambieni: darasa lile lisilo na shangwe ndipo mahali pekee katika shughuli nzima ambapo hakuna anayejaribu kukushika akili. Kama tungemwambia hivyo mapema, sehemu ile ya huzuni yake ingepungua.

Uchungu wa pili ulikuwa wa haki, na sikumtuliza. Tangu Katiba ya 2010, mambo mengi yanayomgusa mtu wa Mombasa kila siku yako mikononi mwa kaunti: hospitali na zahanati, shule za chekechea, masoko, taka zinazorundikana kichochoroni, zimamoto. Rais yuko mbali. Gavana ndiye ambaye dawa zikiisha hospitalini unamuuliza. Basi karatasi iliyokosekana ilikuwa ya mtu aliye karibu na maisha ya msichana huyu kuliko yule wa karatasi nyeupe. Na ilikosekana kwa kosa ambalo si lake, lililogunduliwa kwa kuchelewa, likatangazwa mkesha wa siku yenyewe. Ukimnyang'anya kijana kitu alichokingoja miaka mitano kisha ukamwambia awe na subira, hujamjibu. Alistahili kuombwa radhi kwa maneno yanayoeleweka, na kuelezwa tangu mwanzo hadi mwisho kosa lilitokea vipi.

Usiku ule alilala na hasira zake. Lakini zile tano alizozitumbukiza zilikuwa bado macho, na hili ndilo nililotaka alione.

Vituo hufungwa saa kumi na moja jioni, na aliyekwisha kuwa kwenye foleni huachwa apige kura. Kisha masanduku hayaendi popote. Yanafunguliwa mle mle darasani, likianza la Rais. Msimamizi wa kituo ananyanyua karatasi moja moja, anasoma jina kwa sauti, anaigeuza mawakala wa wagombea waione, ndipo inawekwa kwenye fungu lake. Wakala akiwa na shaka anasema hapo hapo. Kazi hiyo huenda usiku kucha, watu wanasinzia, wanakunywa chai, wanahesabu tena. Mwisho idadi ya kura za Rais huandikwa kwenye karatasi iitwayo Fomu 34A, mawakala wanatia saini, nakala moja inabandikwa pale kituoni, na picha yake inatumwa kwa tume.

Hayo yamepiganiwa. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba matokeo yaliyotangazwa mashinani ni ya mwisho, hakuna mkubwa wa Nairobi wa kuyageuza. Mwaka huo huo, tarehe 1 Septemba, Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu David Maraga ikaubatilisha uchaguzi mzima wa Rais, na miongoni mwa sababu ilikuwa namna matokeo na fomu zilivyosafirishwa kutoka vituoni. Watu waliochoka na foleni ya mwaka huo walirudishwa kwenye foleni Oktoba. Ila tazameni kilichofuata: mwaka 2022 tume iliziweka picha za fomu hizo kwenye tovuti, yeyote mwenye simu azifungue.

Tukaifungua ya darasa letu. Ilikuwa imepigwa picha upande upande, mwandiko wa kalamu, tarakimu moja imeandikwa juu ya nyingine kisha ikatiwa saini pembeni, saini za mawakala zimebanana chini. Mpwa wangu akaikuza kwa vidole mpaka nambari ya mtu wake ikajaa kioo.

"Moja humu ni yangu," akasema.

Siku zile za kungoja kura ya gavana tulifanya hesabu ambayo nataka na ninyi mchukue kalamu mfanye. Matokeo yalipotangazwa tarehe 15 Agosti, William Ruto alipata kura 7,176,141 na Raila Odinga kura 6,942,930. Toeni: tofauti ni 233,211. Kwa macho ni kura nyingi, zinajaza viwanja vya mpira. Lakini vituo vilikuwa 46,229. Gawanyeni. Inakuja kura tano kwa kila kituo, na kidogo juu yake. Darasa moja lenye watu mia kadhaa, tofauti ni watu watano, wanaoweza kukaa kwenye benchi moja la matatu. Na nchi nzima, watu karibu milioni 8 walioandikishwa hawakutokea. Mombasa ilikuwa mbaya zaidi: hata nusu ya waliokuwa kwenye daftari hawakufika vituoni.

Nilidhani hesabu ile itamfurahisha. Akaifikiria, akasema, "Lakini mimi ni moja tu kati ya hizo tano." Ni kweli, na sikuwa na la kuongeza.

Tarehe 15 yenyewe haikusaidia. Tulikaa mbele ya televisheni kutazama ukumbi wa Bomas, matokeo ya Rais yalikokuwa yakitangazwa. Kabla ya kutangazwa mshindi, makamishna wanne kati ya saba wa tume walikwenda hotelini na kuwaambia wanahabari kwamba hawayakubali matokeo. Ukumbini viti vikarushwa, watu wakasukumana jukwaani. Msichana aliyepewa maneno mazuri kuhusu utulivu na heshima ya kupiga kura akawaona wazee wenye suti wakivutana mashati. Shauri likaenda Mahakama ya Juu, na tarehe 5 Septemba majaji wote saba wakaafikiana kuuthibitisha ushindi wa Ruto. Vijana huwa tunawataka waiheshimu hukumu, na wanapaswa. Ila picha ya viti vinavyoruka ndiyo inayobaki kichwani.

Na gavana? Tume ilitaja tarehe 23 Agosti. Siku zilipokaribia ikaahirisha tena, mwenyekiti akisema watumishi wake wanatishwa na kuhangaishwa. Hatimaye ikawa Jumatatu, tarehe 29 Agosti.

Asubuhi hiyo nilipita kwa dada yangu. Mpwa wangu alikuwa anavaa viatu vya kwenda kazini. Alikuwa ameanza kibarua kwenye duka la vitambaa mjini.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Twende?"

"Siendi." Akafunga kamba ya kiatu. "Waliniita, nikaja. Wakaniambia bado. Nikaitwa tena, wakasema bado. Sasa mimi ndiyo nasema bado."

Dada yangu alitaka kumkaripia, nikamzuia. Nilikwenda peke yangu, na foleni ile iliyozunguka ukuta safari hii haikufika hata getini. Abdulswamad Shariff Nassir akashinda kwa kura zaidi ya 119,000, na aliyemfuata, Hassan Omar, alipata zaidi ya 98,000, katika kaunti yenye wapiga kura walioandikishwa zaidi ya 640,000. Naomba mzitazame nambari hizo polepole. Simlaumu aliyeshinda, alishinda kwa walioenda. Nasema kwamba siku ya kura ikisogezwa, haiwasogezi watu wote sawasawa. Mwenye mshahara wa mwezi anaweza kurudi. Mpakia mizigo wa bandarini anayelipwa kwa siku, mwanafunzi aliyesharudi chuoni, mama aliyempa jirani watoto mara moja na hawezi kuomba tena, hao ndio wanaopotea, na fomu haina mstari wa kuwaandika.

Ningeweza kuachia kisa hapo, na wengi wa rika lake ndipo walipokiachia. Lakini Juni 2024 ikafika.

Mnakumbuka wenyewe, hata kama mlikuwa wadogo. Serikali ilileta Muswada wa Fedha wenye kodi mpya, na vijana waliojiita Gen Z wakauchambua mstari kwa mstari kwenye simu zao, wakatafsiriana, wakatoka mabarabarani. Kwanza Nairobi, kisha miji mingine, Mombasa ikiwamo. Tarehe 25 Juni Bunge la Taifa likaupitisha, wabunge 195 wakiuunga mkono na 106 wakiukataa. Mchana huo huo waandamanaji wakaingia bungeni, risasi zikapigwa, na vijana wakauawa. Siku iliyofuata Rais akasema hatautia saini.

Mpwa wangu alikuwamo katika waliotembea Mombasa. Huyu huyu aliyekataa kusimama kwenye foleni fupi alitembea juani na chupa ya maji mkononi na leso shingoni kwa ajili ya moshi wa kutoa machozi. Mama yake hakula siku hiyo mpaka aliposikia mlango. Jioni akaja kwangu, sauti imemkauka, akanipa simu. Kulikuwa na orodha iliyokuwa ikizunguka nchi nzima: majina ya wabunge na upande ambao kila mmoja alipiga kura. Kidole chake kilikuwa juu ya jina la mbunge wetu.

"Nani alimchagua huyu?" akaniuliza.

"Sisi. Karatasi ya kijani."

Akanyamaza. Nilijua anarudi kwenye kile kibanda cha kadibodi, kwenye ile tiki aliyoiweka haraka akitafuta alama ya chama.

"Na huyu?" Akashuka mpaka kwa mwakilishi wa wanawake, maana naye anakaa Bunge la Taifa, na kura yake kwenye muswada ina uzito sawa na ya mbunge mwingine yeyote. Alikuwa hajui. Wengi hawajui, wanadhani ni kiti cha pambo.

"Miaka miwili nimelilia karatasi ya buluu," akasema. "Na hizi mbili nilikuwa nazo mkononi."

Sikumwambia kitu. Kama mtu mzima yeyote aliye karibu angethubutu kumwambia "si unaona", ningemtoa nje. Msichana yule alikuwa ametoka kuwaona watu wa umri wake wakibebwa. Na kosa la zile tiki mbili za haraka halikuwa lake peke yake. Miezi yote ya kampeni, redio, mabango na misafara vilikuwa vya Rais na gavana. Mgombea ubunge anapita mtaani na gari la vipaza sauti, anatupa fulana, anaondoka. Nani alimfundisha mtoto yule kwamba muswada wa kodi huamuliwa na watu wa karatasi ya kijani na wale wa mwakilishi wa wanawake? Shuleni alikariri mihimili mitatu ya serikali akapata alama nzuri, na hakuna aliyemwonyesha mhimili mmoja unavyomfikia mfukoni.

Tangu hapo ana daftari. Si la hasira. Ni daftari la kawaida la shule, lenye mistari, na ndani yake ameandika kila jina la waliochaguliwa kwa zile karatasi sita za eneo letu, na chini ya jina anaandika anachokipata: muswada gani, alisema nini, alipiga kura upande gani. Ukurasa wa mwakilishi wadi ndio mgumu kuujaza, kwa sababu habari za bunge la kaunti hazifiki magazetini kama za Nairobi. Siku moja alikwenda mwenyewe kuuliza kwenye ofisi ya wadi, akaambiwa mheshimiwa hayupo. Akaandika: "Hayupo," na tarehe.

Tume ilipoanza tena uandikishaji wa kila siku mwishoni mwa Septemba 2025, mdogo wake wa kiume alikuwa amekwisha kupata kitambulisho. Kijana hataki. Ameyaona yaliyompata dada yake, ameyaona ya 2024, na jibu lake ni lile lile la marafiki wa dada yake zamani: utarudi na bei ya unga itakuwa ile ile. Nilitarajia dada mtu amshawishi. Badala yake alimwambia asiende kwanza.

"Kaniambie mwakilishi wadi wetu anaitwa nani," akamwambia, "na bajeti ya kaunti mwaka huu imeitengea nini wadi hii. Ukishajua hayo, tutaongozana."

Hapo ndipo mimi na yeye tunapobishana hadi leo. Mimi naona anaikosea sheria na anamkosea ndugu yake: haki ya kupiga kura haina mtihani wa kuingilia, na yule mama wa samaki hakuulizwa bajeti. Mtu aandikishwe kwanza, kujua kutafuata. Yeye anasema hivyo ndivyo tulivyomfanyia yeye, tukamsukuma kwenye kibanda akiwa na karatasi moja kichwani na nne gizani. Na anakwenda mbali zaidi. Anasema tarehe 10 Agosti 2027 atazijaza zile tu ambazo ukurasa wake umejaa daftarini, na zilizobaki atazikunja zikiwa tupu. Namweleza kwamba karatasi tupu huhesabiwa pamoja na kura zilizokataliwa, na hakuna msimamizi atakayeinyanyua darasani na kusoma alichomaanisha. Ananijibu kwamba ana muda wa kuzijaza kurasa zote kabla ya siku hiyo, na kwamba kama ukurasa wa mwakilishi wadi bado utakuwa umeandikwa "Hayupo", basi nimtafutie mimi la kuandika.

Mdogo wake jina amelipata. Bajeti bado, Alhamisi alikwenda kuiuliza.